Hai kwa Ajili ya Nyumba

Djibril alikuwa na miaka mitatu kaburini, kama angekuwa na kaburi, siku alipouza nyumba yake.

Ndivyo ilivyosema karatasi aliyoileta mjumbe wa mahakama, kwa Kifaransa kizuri chenye mihuri. Bwana Djibril, mkazi wa Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, amemuuzia mfanyabiashara mmoja kiwanja chake cha mtaa wa Buyenzi pamoja na nyumba iliyomo. Hakuja mwenyewe, alimpa mdogo wake Idi procuration, yaani mamlaka ya kutia sahihi kwa niaba yake. Waliomo ndani wahame kabla ya mwisho wa Agosti.

Raihana aliisoma akiwa kwenye cherehani yake barazani, magoti yamefunikwa na kitambaa cha kiti cha Hiace. Alikuwa mke wa huyo Djibril, na kushona viti vya magari ndiko kulikomlisha yeye, watoto wawili, Soumaya na mdogo wake, na mama mkwe tangu mume alipouawa. Hakulia. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akajitanda mtandio, akaenda dukani kwa Idi.

Buyenzi nzima ilijua Djibril alivyokufa, ingawa hakuna aliyesema kwa sauti nani alimuua. Ilikuwa mwaka wa tisini na tano, wakati mji ulipokuwa ukifungwa leo na kufunguliwa kesho, kila mtaa na vijana wake, na kila kundi la vijana na kizuizi chake. Djibril alikuwa fundi wa injini. Alikwenda mtaa wa Kinama na mwenzake Ilyasi kuvuta lori lililokufa gia boksi. Wakirudi walisimamishwa kwenye daraja la Ntahangwa. Ilyasi alikuwa nyuma, ndani ya lori linalovutwa, ameshika usukani. Aliona rafiki yake anateremshwa, anaulizwa kitambulisho, anapigwa mpaka anaanguka, anasukumwa mtoni. Yeye akaruka kwa upande wa pili na kukimbia. Alifika msikitini bila viatu, akasema aliyoyaona mbele ya sheikh na mbele ya watu waliokuwa wanangoja Alasiri.

Mwili haukupatikana. Sheikh alipokea ushahidi, hitima ikasomwa. Na aliyenunua mchele na mbuzi wa hitima hiyo ni Idi. Aliyevaa kanzu nyeupe akakaa mlangoni kupokea pole za watu ni Idi. Raihana alipomaliza eda, aliyekuja kuchukua sanduku la spana la marehemu, kwa sababu eti anataka ukumbusho wa kaka yake, ni Idi huyo huyo.

Kitu kimoja hakuna aliyekifanya: kwenda komini, ofisi ya serikali ya mtaa, kuandikisha kifo. Kwa watu wa Buyenzi, mtu akishasomewa amekwisha kufa. Cheti cha komini ni mambo ya watumishi wa serikali wanaotafuta pensheni. Tena siku zile karani angeuliza amefia wapi, na nani alikuwepo, na nani alifanya. Nani angejibu? Wakaacha. Kwa hiyo msikitini Djibril alikuwa marehemu, na katika vitabu vya serikali alikuwa baba wa familia mwenye afya njema.

Mwaka uliopita Ilyasi alimposa Raihana. Hakuanza kwake, alianza kwa mama yake Djibril, bibi Sikuzani, aliyeishi chumba cha uani katika nyumba ile ile. Bibi alisema afadhali yeye kuliko mtu asiyemjua, ila wajukuu wasihamishwe. Basi Ilyasi ndiye aliyehamia. Nikahi ilifungwa kwa sheikh, na Idi alikula pilau ya siku hiyo akaomba na ya kubeba.

Dukani, katikati ya mapipa ya oili na shokamzoba zilizotundikwa ukutani, Idi hakuona haya. Alisema amepata habari. Djibril aliokotwa na wavuvi, kichwa kiliumia, akasahau watu, sasa amekumbuka kidogo. Anaishi Uvira na mwanamke mwingine. Hataki kurudi, anataka fedha za nyumba.

"Na yule mbuzi wa hitima," Raihana aliuliza, "ulimchinjia nani?"

"Wakati ule nilikuwa sijapata habari, shemeji."

"Basi nipeleke Uvira nimuone."

"We utamuona na sura gani? Uko na mume mwingine ndani ya nyumba yake."

Hapo akaelewa kwamba Idi alikuwa amepiga hesabu vizuri. Akisema kaka yake amekufa, nyumba inakwenda kwa watoto, na yeye anabaki ami tu. Akisema yuko hai, anauza. Na mke atanyamaza kwa aibu, maana mwanamke mwenye waume wawili apige kelele wapi?

Bibi Sikuzani aliposikia, alicheka mpaka akakohoa. Alisema Idi tangu mtoto alikuwa anaapa hajala sukari huku midomo inang'aa. "Hata akiniletea barua imeandikwa na malaika," alisema, "mi siwezi kumuamini Idi. Mutoto wangu alikufa. Nililia nikamaliza." Akarudi kuchambua maharage yake. Raihana alimwonea wivu kwa kule kumaliza kwake.

Raihana alikwishaijibu mahakama kwa barua kwamba mumewe amekufa; wakili aliyepatikana baadaye aliitwa Maître Léoncie, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, ofisi yake juu ya duka la dawa mjini. Hakuwa na kesi za aina moja. Kwenye benchi lake siku hiyo kulikuwa na mpishi aliyefukuzwa kazi bila notisi, mama ambaye kijana wake alikuwa na miaka miwili gerezani bila kusomewa shitaka, na mfanyabiashara wa Kikongo, Namegabe, aliyenyang'anywa mzigo wa vitenge mpakani. Namegabe alimuuliza Raihana yeye amekuja kwa nini. Alipomwambia, yule mzee alisogea kidogo akampa nafasi zaidi ya kukaa, kama mtu anayempisha mgonjwa.

Maître Léoncie alisikiliza bila kuandika. Aliuliza kama walifunga ndoa ya komini. Ndiyo, walifunga, na cheti kipo. Uso wake ulichangamka. Akauliza nani alishuhudia kifo.

"Ilyasi."

"Ilyasi ni nani kwako?"

"Ndiye aliyenioa mwaka jana." Wakili aliweka kalamu chini.

"Kwa hiyo shahidi wa kifo cha mume ni mume," alisema. "Mama Soumaya, jaji atacheka mpaka avue joho."

Raihana akasema sheikh pia anajua. Wakili akauliza sheikh alijulia kwa nani. Kwa Ilyasi. Na watu wa hitima? Kwa Ilyasi. Ilyasi yuko tayari kusimama mahakamani, Raihana alisema, haogopi. Maître Léoncie akasema basi ingefaa aogope, maana jaji atamuuliza ni nani walikuwa darajani, na wengine wa darajani siku hizi wamevaa sare na wanapigiwa saluti. "Akiwataja nitakuwa na kesi mbili," alisema, "na ya pili itakuwa ya mauaji yake."

Alivua miwani akaifuta kwa kitenge, taratibu, kama mtu anayetafuta namna ya kusema jambo chafu kwa adabu.

"Wacha kusema amekufa," alisema mwishoni. "Sema yuko hai."

Raihana alidhani hakusikia vizuri.

"Shemeji yako anasema yuko hai. Mukubalie. Yuko hai, sawa, na we ni mke wake wa komini. Nyumba ya familia haiuzwi bila mke kukubali, hata mume akileta procuration mia. We hukubali. Kesi imekwisha."

"Na Ilyasi?"

"Ilyasi mi simjui. Ndoa ya msikiti peke yake, kwa sheria, ni chakula na nguo mpya. Watakutisha na kesi ya uzinzi. Wakutishe. Uzinzi analalamika mume mwenyewe, si mdogo wake. Aje basi alalamike, tutafurahi wote kumuona."

Alimtaka aondoe madai ya kifo, aje mbele ya jaji, atamke kwa mdomo wake. Na sharti moja: asimwambie mtu ila Ilyasi. Hasa bibi. Idi alikuwa anakuja kumsalimia mama yake kila Ijumaa, na bibi Sikuzani hakuwahi kushika neno kinywani tangu azaliwe. Akijua ni mbinu, Idi naye atajua kabla chai haijapoa, na jaji atasikia kwamba mke anadanganya kama shemeji. Raihana akakubali. Aliona ni jambo dogo. Alijiambia atamweleza mama mkwe mambo yakishakwisha, naye atacheka tena mpaka akohoe.

Kumwambia Ilyasi ndiko kulikokuwa kugumu. Alikuwa anaosha mikono kwa petroli uani, grisi mpaka viwikoni. Alisikiliza akiendelea kusugua hata mahali palipokwisha takata.

"Mi nilimuona anaanguka," alisema. "Miaka mitatu kila nikifumba macho namuona. Sasa unataka nikae kimya watu waseme anakula samaki Uvira?"

Raihana alisema hana nyumba ya pili. Alisema Soumaya ana miaka kumi na mmoja, na anajua wasichana wa umri huo wanaolala kwenye kambi za wakimbizi, na yaliyowapata.

"Na mbele ya sheikh? Ukisema yuko hai, mi ni nani humu ndani?"

Raihana alimmiminia maji mikononi. Ilyasi aliendelea kusugua. Baadaye akasema, "Sema basi," akaenda kuswali peke yake.

Siku ya kesi mahakama ilijaa watu wa Buyenzi, mafundi wamefunga gereji kwa ajili hiyo. Idi, kanzu yake imepigwa pasi upya, alikuja na wakili aliyevaa viatu vya ncha.  Raihana alisimama kama anayesubiri zamu ya maji.

Jaji, mtu mwembamba mwenye mafua, alimuuliza kama ni kweli anaondoa madai kwamba mumewe amefariki. Ni kweli. Kwa hiyo anakubaliana na upande wa pili kwamba Djibril yuko hai?

 Raihana alimwona Ilyasi amesimama karibu na mlango, akitazama kofia yake.

"Yuko hai," Raihana alisema. "Mi ni mke wake. Nyumba siuzi."

Minong'ono ilipanda nyuma yake. Sauti ya mwanamke ikasema astaghafirullahi. Wakili wa Idi, kama walivyotegemea, aliruka juu na habari za Ilyasi: mwanamke huyu anajiita mke mwaminifu, huku analala na mwanamume mwingine ndani ya nyumba hiyo hiyo, huo ni uzinzi, ni jinai. Maître Léoncie alingoja amalize, akasimama bila haraka.

"Mheshimiwa, uzinzi ni kosa, na mwenye haki ya kulalamika ni mume. Tunaomba mume aje. Mwenzangu anayo anwani yake."

Watu walicheka. Jaji naye alipenga makamasi kuficha mdomo. Wakili wa Idi alisema mteja wake hawezi kusafiri, vita vimeanza tena Kongo. Maître Léoncie akasema ni bahati mbaya sana. Jaji aliamuru hakuna wa kuhamishwa mpaka hukumu isomwe mwezi ujao, na maneno aliyoyasema yalionyesha wazi hukumu itaelekea wapi. Idi alitoka kabla ya wote. Kwenye ngazi Raihana alimfikia.

"Ukimuona kaka yako," alimwambia, "musalimie. Mwambie mke wake anamungojea."

Lilikuwa neno tamu, na watu walicheka tena. Aliona utamu wake mpaka mwisho wa ngazi.

Maître Léoncie alimshika mkono pembeni. "Umeshinda," alisema. "Sasa unisikilize. Mpaka hukumu isomwe na siku za rufaa zipite, Djibril yuko hai. Hai jikoni, hai sokoni, hai kwa kila mutu. Ukiteleza neno moja, yule mwenye viatu vya ncha atalileta hapa kwenye sahani."

Walirudi kwa miguu, Raihana mbele, Ilyasi nyuma hatua kadhaa, kama watu wasiojuana. Watu waliokuwa wanamsalimu Ilyasi kila siku walijifanya wanatazama chini ya boneti.

Idi alikuwa amewatangulia kwa teksi. Hakukaa, alisimama uani muda wa kumwambia mama yake jambo moja tu, akaondoka. Raihana alilijua jambo hilo kabla hajaambiwa, kwa sababu alimkuta bibi Sikuzani amesimama katikati ya uwanja, amevaa kitenge chake cha Idi el-Fitri, uso umelowa.

"Ni kweli umesema?" bibi aliuliza.

"Nimesema nini, mama?"

"Idi anasema umesema mbele ya jaji mutoto wangu yuko hai. Mi nikamwambia Idi we ni muongo. Akasema uliza watu. Nimeuliza. Mke wa sheikh alikuwepo, amesikia kwa masikio yake." Alimshika Raihana mikono yote miwili. "Idi mi simuamini. Lakini we, binti yangu, tangu uingie humu hujawahi kunidanganya. Hata siku uliyovunja chungu changu ulikuja kunionyesha vigae. Ulipata habari lini?"

 Nje ya ukuta mtu alikuwa anajaribu honi ya gari, anapiga, anaacha, anapiga. Mlango wa uwanja ulikuwa wazi, na majirani watatu walikuwa wamesimama hapo bila kujificha, wanangoja nao kusikia.

"Juzi juzi," Raihana alisema.

Bibi aliketi chini pale pale, mavumbini, akaanza kusema alhamdulillahi, moja juu ya nyingine, kwa sauti ya kupanda.  Kisha akamwona Ilyasi.

"Na wewe," alisema, "uliniambia umemuona anaanguka. Ulikuja bila viatu, ukalia kwenye mapaja yangu. Ulimuona au hukumuona?"

Ilyasi alimtazama Raihana. Alikuwa anampa nafasi. Raihana angeweza kusema. Neno moja, na bibi angepata tena maiti yake, na Ilyasi angepata tena jina lake, na mwezi ujao wangekuwa wote njiani na magodoro vichwani, Soumaya nyuma na sufuria. Raihana akatazama majirani mlangoni. Akatikisa kichwa, kidogo sana.

"Sikumuona vizuri, mama," Ilyasi alisema. "Kulikuwa na watu wengi."

"Miaka mitatu umeniacha nimulie mutu muzima."

"Nisamehe."

"Mungu akusamehe. Mi najua kijana ulikuwa na hofu." Bibi alijipangusa uso kwa ncha ya kitenge, akawa tayari ameingia kwenye shughuli. "Lakini sasa humu huwezi kulala. Mwenye nyumba akirudi akute mwanamume mwingine? Apana. Si vizuri. Kachukue vitu vyako, baba, kabla Magharibi. Hakuna mutu wa kukusema vibaya, hamkujua."

Alisema hayo kwa upole, na ule upole ndio uliomaliza kila kitu, maana hakukuwa na pa kuushika ili ugombane nao. Ilyasi aliingia ndani. Alikuwa na vitu vichache kuliko Raihana alivyodhani: nguo, mswala, redio. Sheikh asingehitaji tena kumwita amwambie atoke. Alipopita kwenye cherehani alisimama kana kwamba anataka kusema jambo, akaona majirani, akasema tu kwamba mkanda wa mashine umelegea, atafute wa kuukaza. Akatoka. Soumaya alimfuata mpaka barabarani, akarudi, akamuuliza mama yake kama baba akirudi, Ilyasi atakuwa nani wao. Raihana akamtuma dukani kununua chumvi, na chumvi ilikuwepo jikoni.

Jioni ile ile wanawake walianza kuja. Walikaa na bibi mkekani wakasema hongera, Mungu ni mkubwa, na kila mmoja alimwangalia Raihana kwa pembe ya jicho: mwanamke aliyeolewa ilhali mumewe yu hai. Raihana aliwapikia chai. Hakuna aliyesahau kumwambia ana bahati.

Walipoondoka, bibi Sikuzani alimwita akae karibu. Alikuwa ameanza kupanga. Idi anajua anwani, Idi atawapeleka, hata kama ni mjinga ni mtoto wa tumbo moja na yule. Wataondoka na gari la asubuhi. Djibril akimwona mama yake, kichwa kitafunguka, atakumbuka vyote. Yule mwanamke wa huko watazungumza naye kwa heshima, kama ana mtoto watamchukua.

Raihana alisema njia ya Uvira imefungwa, kuna vita. Lilikuwa jambo la kweli, la kwanza kulisema siku hiyo, na alilisema haraka, kama mtu aliyeokota fedha njiani.

"Ikifunguliwa?"

Mwezi ujao hukumu itasomwa. Baada yake siku za rufaa. Baada yake ataweza kumwambia bibi kwamba mwanawe amekufa, mara ya pili, na kwamba aliyemfufua ni yeye. Alijaribu kuyatafuta maneno ya siku hiyo, akaona hayapo.

"Ikifunguliwa tutakwenda, mama."

"Unifulie basi ile kanzu yake ya kijani," bibi alisema. "Idi alichukua zingine zote, ile niliificha."

Raihana akainuka kutafuta sabuni.